Ubao wa mabingwa na mizani ya bafuni

Mara ya kwanza nilipouona ule ubao shuleni kwa mwanangu nilidhani ni orodha ya marehemu. Mbao zilizokoza, herufi za dhahabu, mwaka na jina, mwaka na jina, kuanzia karibu na dari hadi usawa wa kifua changu. Nilikuwa nimeshaanza kuwarehemu kimoyomoyo pale mwanangu aliponiambia, "Mama, hawa ni mabingwa wa mieleka." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayekuonyesha kiwanja anachotamani kukinunua: "Wa New England."

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee hapa Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba siku za Jumamosi utasikia Kiswahili na Kikikuyu kwenye foleni ya kulipia unga. Mwanangu alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni, mojawapo ya zile kongwe za huku New England, yaani kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambazo ada yake kwa mwaka inaupita mshahara wangu. Sisi tunalipa sehemu ndogo, shule inabeba iliyobaki. Jina la shule naliacha. Mtoto ana haki ya kusoma bila mama yake kumwanika mtandaoni.

Mieleka niliyoijua mimi ni ile ya televisheni. Mijitu iliyojipaka mafuta, viti vinavunjwa migongoni, refa anapigwa hadi anazimia, na sebule ya jirani yetu kule Kisauni imejaa watoto wa mtaa mzima wamekaa sakafuni. Kaka yangu aliapa mpaka alipofika miaka kumi na minne kwamba pale hakuna hata ngumi moja ya uongo. Nilipompigia kumwambia mpwa wake ameingia mieleka, swali lake la kwanza lilikuwa kama atavaa kinyago.

Hii ya shule haina kinyago wala kiti. Ni watoto wawili wa uzani mmoja ndani ya duara, vipindi vitatu vya dakika mbili-mbili, na viatu vinavyolia juu ya mkeka kama panya. Kabla sijaielewa nilikuwa nikifumba macho. Nilipoanza kuielewa niligundua kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno yake yote zamani, wakati mwanangu aliyajua kwa Kiingereza tu. Ukimwangusha mwenzako na kumtawala, una pointi. Aliye chini akichoropoka, anapata yake moja. Akikugeuzia kibao, yeye juu wewe chini, anapata mbili. Na ukimlaza chali, mabega yote mawili yamebanwa mkekani kwa sekunde mbili, basi, mchezo umekwisha hapohapo, hata kama ulikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne. (Kumi na tano hufiki. Pengo likifika hapo refa anasimamisha, ni kama huruma.)

Nilimfundisha mwanangu kusema "nimemlaza chali" na mpaka leo analitumia hilo hata kwa mtihani wa kemia.

Wamarekani wana mtindo wao huu wa shule na vyuo, si ule tunaouona kwenye Olimpiki. Kule hesabu kubwa ni ya kumrusha mtu na kumbiringisha. Hapa hesabu ni ya kummiliki: umemshika, umemlalia, na anapojaribu kusimama uzito wako wote uko kiunoni mwake. Mzee mmoja ninayemhudumia, ambaye aliwahi kucheza ujanani, aliniambia mikono inasahau lakini nyonga hazisahau. Masikio yake yamevimba na kukunjamana kama maandazi yaliyokandwa vibaya. Nilikuwa nimeyaona miezi sita bila kujua yalitokana na nini.

Sasa, mabingwa wale walikuwa mabingwa wa nini hasa? Swali hilo lilinichukua msimu mzima. Marekani haina bingwa mmoja wa shule za sekondari. Karibu kila jimbo lina mashindano yake, na shule nyingi za bweni za New England haziko humo. Zina ulimwengu wao: Exeter, Andover, Northfield Mount Hermon, Choate na nyingine za namna hiyo, shule ambazo baadhi zilianza kabla Marekani yenyewe haijaandika katiba, maana Andover ni ya 1778 na Exeter ya 1781. Kila Februari zinakutana kwenye mashindano ambayo wenyewe wanayaita Graves-Kelsey, na wanaofanya vizuri huko wanakwenda kwenye mashindano ya taifa ya shule hizo binafsi, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika Chuo Kikuu cha Lehigh, mjini Bethlehem, Pennsylvania.

Kwa hiyo inawezekana bingwa wa jimbo na bingwa wa New England wakaishi mtaa mmoja, wakanunua maziwa duka moja, na wasikutane hata mara moja kwenye mechi yenye kuandikwa popote. Nani mkali zaidi? Watabishana mpaka wazeeke. Halafu kuna jambo la mwaka wa ziada: mtu amemaliza sekondari, ana cheti chake, lakini anakuja shule ya bweni kusoma mwaka mmoja zaidi na kucheza. Ed Ruth, aliyekuja kuchukua ubingwa wa vyuo vikuu mara tatu, 2012, 2013 na 2014, alipitia Blair Academy kule New Jersey kwa njia hiyo. Mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kuingia duarani akamkuta mwanamume wa kumi na tisa mwenye ndevu. Nimeyaona kwa macho yangu. Mama wa yule mwenye ndevu alikuwa amekaa mbele yangu akipiga makofi, na nitasema ukweli, sikumsalimia.

Niliporudi shuleni mara ya pili niliusoma ule ubao vizuri. Mbele ya kila jina kulikuwa na tarakimu: 121, 135, 160. Ndiyo pauni. Hapo ndipo niliupenda. Mabao mengine yote ya shule hiyo yanamtaja mtu kama bingwa, nukta. Ubao wa mieleka unasema: huyu alikuwa bingwa wa watu wenye uzito huu, mwaka huu, eneo hili. Hauongezi chumvi. Pale juu kuna 103 kadhaa, vijana wa kilo arubaini na saba hivi, kisha ghafla 103 zinatoweka na 106 zinaanza, kwa sababu uzani mdogo kabisa wa sekondari ulibadilishwa msimu wa 2011-12. Wale wa 103 hawana warithi. Wamebaki na taji la nchi iliyofutwa kwenye ramani.

Na hilo ndilo linalonifanya nicheke watu wanapolinganisha rekodi za zamani na za leo kana kwamba ni bei za nyanya. Uzani unabadilika. Pointi zinabadilika: vyuo vikuu vilipandisha kumwangusha mtu kutoka pointi 2 hadi 3 msimu wa 2023-24. Mwingine anacheza mechi hamsini kwa mwaka, mwingine ishirini. Lakini namba ni tamu, na mimi pia nimezila. Usiku kwenye zamu, wazee wakilala, nilikuwa nasoma rekodi kwenye simu kama wengine wanavyosoma udaku.

Iliyonishika zaidi ni ya Kyle Snyder. Alisoma Our Lady of Good Counsel, shule ya Kikatoliki kule Olney, Maryland. Miaka mitatu alicheza mechi 179 na kushinda 179. Si hivyo tu: katika miaka hiyo mitatu hakuna aliyemwangusha. Hata mara moja. Watoto 179 waliingia duarani na mama zao wamekaa pale juu kwenye ngazi za watazamaji, na hakuna mama aliyeona mgongo wa Snyder ukielekea chini kwa mkono wa mtoto wake. Alichukua ubingwa wa taifa wa shule binafsi mara tatu. Mwaka wa nne, ambao angeweza kuutumia kutafuta taji la nne na kuongeza namba, hakucheza mieleka ya shule. Alihamia kituo cha Olimpiki cha Colorado Springs. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 19, na mwaka 2016 kule Rio akachukua dhahabu ya Olimpiki akiwa na 20, Mmarekani mdogo kuliko wote waliokuwa wameichukua katika mieleka mpaka wakati huo.

Nilifikiria sana kwa nini aliiacha ile 179 ilale pale. Nadhani alikuwa amekosa kitu shuleni: mtu wa kumwangusha. Alikwenda Colorado kutafuta watu wazima wa kumtupa chini kila asubuhi. Mbele ya jumba zima alikuwa hajaanguka miaka mitatu, lakini kwenye chumba cha mazoezi lazima alianguka, tena na tena, na kuna mikono iliyomwangusha. Ya nani? Hakuna ubao unaosema.

Dan Gable wa Iowa naye alimaliza sekondari 64 bila kupoteza, na chuoni 117 akipoteza moja tu, ile fainali yake ya mwisho ya mwaka 1970, 13 kwa 11, mbele ya Larry Owings. Miaka miwili baadaye alishinda dhahabu Munich bila kumpa mpinzani pointi. Ukizungumza na watu wa mieleka, watakutajia Owings kabla hujamaliza kikombe cha chai. Wale 117 hakuna anayewakumbuka.

Kwa upande wa New England, mtu niliyejikuta namrudia ni John Irving, mwandishi wa riwaya. Alizaliwa Exeter mwaka 1942, baba yake wa kambo alikuwa mwalimu katika shule ileile, na kusoma kulimtesa. Baadaye ilijulikana ana tatizo la kusoma herufi. Kilichomshika shuleni ni chumba cha mieleka na kocha wake, Ted Seabrooke. Akacheza miaka ishirini, akafundisha mpaka alipofika 47. Taji la New England hakulipata. Wanawe wawili, ambao aliwafundisha, walilipata, kila mmoja kwa wakati wake na kwa uzani wake. Mwaka 1992 jumba la heshima la mieleka la Marekani, lililoko Stillwater, Oklahoma, lilimwingiza yeye, baba.

Nilimsimulia mwanangu habari hiyo nikidhani itamtuliza. Akaniuliza, "Kwa hiyo unaniambia nisubiri mpaka nipate watoto?"

Alikuwa na sababu ya kunijibu hivyo. Timu inapeleka mtu mmoja tu kwa kila uzani. Mwanangu alikuwa mtu wa 138, na mwenzake wa mazoezi, kijana mpole wa kutoka shamba moja kule Vermont, naye alikuwa mtu wa 138. Kila siku, kwa muda wa saa mbili, wanashikana wao wawili, kwa sababu kocha huwapanga kwa uzito. Wamejuana pumzi. Mmoja akikohoa mwingine anajua atakwenda upande gani. Halafu Desemba inafika, na hao hao wawili wanawekwa duarani, mlango umefungwa, timu imekaa chini ukutani, wagombee nafasi moja. Mwanangu alishindwa kwa pointi moja. Wiki iliyofuata wakacheza tena, akashindwa kwa mbili.

Akaamua kushuka 132.

Hapa ndipo mimi na mieleka tulipogombana. Mtoto aliyekuwa na 141 asubuhi, mwembamba tayari, mbavu zinahesabika, anataka kupoteza pauni tisa. Krismasi alikuja nyumbani nikapika pilau na kachumbari, akaweka vijiko vitatu, akavitafuna kama anayetafuna kesi. Maji anapima kwa kikombe. Anatema mate kwenye chupa. Nilinunua mizani ya bafuni mwenyewe, dola ishirini, nikidhani nitamchunga nayo, kumbe nimemletea mungu wa kuabudu: anapanda kabla ya kulala, anapanda akiamka, anavua soksi, anapanda tena.

Aliniambia, "Mama, si ni kama kufunga tu?" Nikamwambia hapana, baba, si kama kufunga. Kufunga kuna nia na kuna magharibi. Ikilia adhana unakula, tena unakula na watu, na tende ya kwanza anakupa mwingine. Hii yako magharibi yake ni saa ngapi?

Hakunijibu. Usiku wa manane nilisikia maji ya moto yanatiririka, yanatiririka, hayaishi. Nilimkuta ameketi sakafuni bafuni, mlango na dirisha vimezibwa kwa taulo, amevaa makoti mawili, mvuke umejaa mpaka kioo hakionekani. Midomo imepauka. Nilimvua makoti kama nilivyomvua nepi.

Asubuhi nilimsomea kilichonifanya nipige kelele. Mwaka 1997, kati ya Novemba na Desemba, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya siku 33, mmoja North Carolina, mmoja Wisconsin, mmoja Michigan, wote wakijitoa jasho ili mizani iwakubali. Ndiyo maana vyuo vikapiga marufuku mavazi ya mpira na vyumba vya joto kwa ajili ya kupunguza uzito. Ndiyo maana sekondari, tangu msimu wa 2006-07, zinapima mkojo na mafuta ya mwili mwanzoni mwa msimu: mvulana hashuki chini ya asilimia 7 ya mafuta, msichana asilimia 12, na hakuna kupungua zaidi ya asilimia moja na nusu ya mwili kwa wiki. Mwanangu aliyajua haya yote. Alikuwa ameyakariri kwa mtihani wa timu. Kuyajua na kuyatii ni vitu viwili, mkubwa kwa mdogo. Nami huwaambia wazee wangu wasinywe soda huku nikiwa na chupa mkobani.

Kocha alipoambiwa alikasirika kuliko mimi. Hakumfokea. Alimfutia 132 pale pale akampandisha uzani wa juu ya 138, kwa wale wanaomzidi pauni tano au sita. Mwanangu alilia, si kwa sababu ya hatari aliyoiepuka. Alilia kwa sababu kule juu alijua hawezi kushinda.

Na hakushinda. Februari, ukumbi wenye mikeka mingi, filimbi zinaingiliana, wazazi wamebeba masanduku ya vyakula kama wanaohama. Mashindano yale ukipigwa mara moja hutoki. Unazunguka mlango wa nyuma, unaweza kupanda mpaka nafasi ya tatu. Nimeona jambo la kuchekesha hapo: anayeshika nafasi ya tatu anaondoka akicheka, maana mechi yake ya mwisho ameshinda, na anayeshika ya pili anaondoka amejifunika taulo kichwani. Mwanangu alipoteza ya kwanza, akashinda mbili, ya pili alimlaza chali mtu mwenye shingo kama gogo, nikapiga kigelegele mpaka refa wa mkeka wa jirani akageuka. Ya nne alishindwa. Hakupata nafasi. Ubao haumjui.

Lakini fainali ya 138 nataka kuieleza polepole.

Kijana wa Vermont alifika huko akiwa amechoka, sikio limevuja damu. Kipindi cha tatu kinakaribia mwisho, yuko chini, nyuma kwa pointi moja. Mpinzani amemlalia kiunoni, amemfunga mguu, anasubiri tu saa imalizike. Kijana akafanya kitu. Alikaa kwanza, kama mtu aliyekata tamaa, akalishika lile kono lililomzunguka, akalibana kwapani, kisha akatupa nyonga yake nyuma na kuviringika chini ya mzigo wake mwenyewe. Mara moja tu. Yeye juu, mwenzake chini. Kibao kimegeuka. Pointi mbili, na saa ikalia.

Nilisimama kabla ya watu wote, kwa sababu nililijua lile. Nililijua tangu ile sikukuu ya Wamarekani ya mwisho wa Novemba, huyu kijana alipokuja kukaa kwetu siku nne kwa vile Vermont theluji ilifunga barabara. Alikula pilau yangu sahani tatu, wakati huo hakuna aliyekuwa anashuka popote. Baada ya chakula waliviringisha zulia la sebuleni wakaanza kushikana. Mwanangu ndiye aliyekuwa juu, anamlalia, na yule anajaribu kutoka, anashindwa, anajaribu. "Usiende mbele, kaa kwanza," mwanangu akawa anamwambia. "Ukikaa ninalegea. Nikilegea, chukua mkono." Alikuwa anamfundisha mwenzake udhaifu wake mwenyewe. Mara ya kumi, au ya ishirini, kijana akakaa, akachukua mkono, akaviringika, na miguu yao minne ikagonga meza yangu ya kahawa. Mguu wa meza ulivunjika. Niliwapigia kelele kwa lugha ambayo mmoja wao haijui na akaelewa yote. Meza ile mpaka leo imesimama juu ya matofali mawili.

Refa aliinua mkono wa kijana. Kijana akampa mkono mpinzani, akampa mkono kocha wa wapinzani kama ada yao ilivyo, akakumbatiwa na kocha wake. Kisha akavuka mkeka mzima kumfuata mwanangu, aliyekuwa amesimama pembeni na begi la barafu begani. Alimwambia kitu. Nimemuuliza mwanangu mara tatu ni kitu gani, na mara tatu amenijibu, "Ya kwetu hiyo, mama."

Jioni mjomba wake akapiga simu kutoka Mombasa. "Vipi mjomba, tumeshinda?" Wanaitana hivyo wote wawili, kama kwetu pwani. Mwanangu akafikiri kidogo, akasema, "Nusu, mjomba." Kaka yangu hajui mieleka ya nusu. Aliuliza tena kama hata mkanda wa shaba hawatoi.

Ramadhani iliingia Machi mosi mwaka ule wa 2025, msimu ukiwa umekwisha. Alifunga siku zote alizokuwa nyumbani na akafuturu kama tingatinga. Mwezi wa tano alinitumia picha ya ubao: rangi ya dhahabu mbichi, 2025, jina la kijana wa Vermont, 138. Kuna alama ya kidole kwenye kona ya picha, kakosea kushika simu au kakusudia, sijui. Nilimwandikia kwamba chini ya kila jina wangeweka mstari mwingine, herufi ndogo tu, wa aliyekuwa akimlalia kila siku mazoezini. Akanijibu: "Mama, ubao ungejaa mwaka wa kwanza." Niliendelea kubishana naye kwa ujumbe wa simu hadi zamu ikaanza. Bado nabishana.

Julai tulifunga safari ya nyumbani. Sanduku moja, pauni hamsini, ikizidi wanakutoza, na mimi siku zote naizidisha. Sanduku kubwa halikai kwenye mizani ya bafuni, kwa hiyo kwetu tunapima kwa njia ya wahamiaji wote: mtu anapanda peke yake, kisha anapanda amelibeba, unatoa. Niliitoa ile mizani chini ya kitanda changu nilikokuwa nimeificha tangu Januari. Mwanangu akaitazama. Akapanda, na viatu vyake, na simu mfukoni.

"Mia hamsini na nane," akasoma, kwa sauti ileile ambayo angesomea namba ya basi.

Akalibeba sanduku. Mia mbili na kumi na moja.

"Hamsini na tatu," akasema. "Limezidi tatu. Lazima lishuke uzani." Alicheka mpaka sanduku likamponyoka, na mimi nikakaa ukingoni mwa bafu nikicheka naye. Tulilifungua pale pale sakafuni. Tukatoa kopo kubwa la losheni ya shangazi, na viatu vya mjomba, namba arubaini na nne, vizito kama matofali ya meza yangu. Losheni nikairudisha kabatini. Viatu alivivaa yeye, miguu inaelea ndani, akasema atasafiri navyo hivyohivyo mpaka Mombasa.